Namna ya Kuzamia Tanga Usimwone Silikanti

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzamia pwani ya Tanga na kurudi kwao bila kumwona silikanti. Utafaulu, sina shaka. Samaki huyu, ambaye wanasayansi walidhani alikwisha pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, ndiye aliyeipa jina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009. Hifadhi ina kilomita za mraba 552, kuanzia kaskazini kidogo mwa jiji la Tanga hadi mdomo wa mto Pangani. Mwenye jina anaishi humo gizani, kwenye mapango ya miteremko ya bahari, mara nyingi kina cha mita 100 au zaidi. Cheti cha kwanza cha uzamiaji kinakupeleka mita 18. Mzamiaji wa burudani aliyesoma zaidi huishia mita 40. Hesabu hiyo ikubali ukiwa bado nchi kavu, usije ukaikumbuka ukiwa chini na hewa inakuishia.

Nakutakia usimwone kwa sababu nyingine pia. Tangu mwaka 2004, silikanti wengi wa Tanga walioonwa na watu walitolewa majini na jarife, zile nyavu kubwa za papa, maeneo ya Kigombe na Mwarongo. Walifika juu wanakufa. Nyama yake ina mafuta yasiyolika, sokoni hana bei. Watafiti wa Ufaransa waliosoma magamba yake mwaka 2021 walikadiria kwamba anaweza kuishi miaka 100 hivi, kwamba jike hukomaa baada ya nusu karne, na kwamba mimba huchukua miaka 5 hivi. Jike mmoja akinaswa, limepotea jambo ambalo mjukuu wako hataliona likirudi. Kwa hiyo kila siku inayopita bila silikanti kuonekana Kigombe ni siku njema.

Sasa tuzamie.

Anza na mwezi. Kalenda ya ofisini haitakufaa. Muulize mtu anayejua leo ni mwezi ngapi wa Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo kati ya miamba hukimbia kwa nguvu ya kukutenga na mashua yako. Chagua maji mafu, mwezi saba au nane, au ishirini na mbili hivi. Na katika siku hiyo, shuka maji yanapomalizia kujaa. Maji yanayoingia hutoka bahari kuu, ni meupe. Yanayotoka yamepita kwenye mikoko na midomo ya mito, nayo hubeba tope.

Mito ndiyo itakayokuamulia mengine. Zigi unaingia baharini kaskazini mwa jiji, Pangani kusini, Umba karibu na mpaka wa Kenya. Yote hushuka kutoka milimani, na wakati wa masika huleta udongo mwekundu wa mashamba ya watu mpaka kwenye matumbawe. Kusi nalo likianza kuvuma kwa nguvu, bahari huchafuka na manahodha wenye akili hubaki ufukweni. Njoo na kaskazi, kati ya Novemba na Machi mapema, au katika utulivu wa kubadilika kwa pepo. Atakayekuuzia safari ya Juni na kukuahidi maji meupe kama kioo, mpe mkono, muage.

Halafu tafuta nahodha kabla hujatafuta mitungi. Msalimie vizuri, shikamoo yake mpe hata kama wewe ndiye unayelipa, kisha nyamaza umsikilize. Anajua mwamba upi una mkondo, upi una changu, upi ulikufa. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Ukimwonyesha ramani ya simu kabla hajasema neno, atakupeleka unapotaka, nawe utapata unachostahili. Vituo vyenye mitungi ya hewa na walimu ni vichache. Tafuta upande wa Ushongo, ukivuka mto Pangani kwenda Bweni na kuendelea kusini. Uchache huo una faida yake. Chini hutakutana na msururu wa watu wanaokanyagana mapezi.

Vifaa havihitaji hadithi ndefu. Jaribu kifaa cha kupumulia ukiwa juu. Angalia mtungi umejaa. Mkanda wa risasi uwe na uzito wa kukuwezesha kushuka, usiwe wa kukugandisha chini. Ukishuka, bana pua upulize taratibu kila baada ya mita moja, maana kufika mita 10 shinikizo limekwisha kuwa mara mbili ya lile la juu. Usizuie pumzi hata mara moja: hewa uliyovuta chini hutanuka unapopanda, na pafu lililofungwa hupasuka. Panda polepole, mita 9 kwa dakika, na usimame mita 5 kwa dakika tatu. Na kabla ya kuondoka nchi kavu, waulize wenye kituo ni wapi chumba cha mgandamizo cha kutibu wazamiaji kilicho karibu na utafikishwaje huko. Wakikosa jibu, tafuta wengine.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Tanga ina mtego ambao vitabu vya uzamiaji vilivyoandikwa kwa ajili ya visiwa tambarare haviutilii mkazo. Mtalii wa Tanga huzamia asubuhi, hula samaki mchana, kisha husema, "Twende Lushoto tukalale kwenye baridi." Usiende. Nitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu na misuli yako ukiwa chini inahitaji saa nyingi kutoka, na hutoka salama ukiwa karibu na usawa wa bahari. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu. Hata Amani, juu ya Muheza, inakaribia mita 1,000. Ukipanda zile kona ukiwa na nitrojeni mwilini, vinaweza kufanyika vipovu kwenye viungo na uti wa mgongo, sawa na aliyepanda ndege mapema. Kanuni ya ndege kwa aliyezamia zaidi ya mara moja ni kungoja angalau saa 18. Wewe itumie hiyohiyo kwa milima hii ya Usambara. Lala Pangani. Mji ule una majumba ya kale, una mto, una samaki wa kupaka, na Usambara itakungoja.

Siku ya kwanza nenda Maziwe, baharini upande wa Pangani. Ilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975, ikiwa bado kisiwa cha kweli chenye mivinje, na ikiwa moja ya sehemu kuu za kutagia kasa katika Tanzania: uziwa, ng'amba na kigome. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa hakuna mti hata mmoja. Leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa bado wanarudi kutaga pale pale, na mayai yakiachwa hufunikwa na bahari. Ndiyo maana watu wa Ushongo huyahamishia ufukweni kwao na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Ukipata bahati ya kuona vitoto vikiteremka majini, zima taa ya simu. Mwanga huvipotosha.

Chini ya Maziwe, pembeni mwa fungu, ndipo utakapoelewa kwa nini umekuja. Shuka, kisha usiende popote. Mzamiaji mgeni hukimbia kutafuta kikubwa na kurudi akisema hakuna kitu. Wewe kaa juu ya mchanga, mbali kidogo na tumbawe, mikono kifuani. Baada ya muda pono watarudi kwenye kazi yao, na utasikia kwa masikio yako wanavyokwangua mwamba kwa midomo. Wanakula mwani, na palipokwanguliwa ndipo chembe changa ya tumbawe inapopata pa kushika. Ukimwona pono kwenye sahani jioni, kumbuka ulimkuta kazini. Mkunga atatoa kichwa kwenye tundu lake, akuangalie mdomo wazi. Hivyo ndivyo anavyopumua. Taa atakuwa amejifukia, yanaonekana macho tu. Usiguse, usishike, usisimame juu ya chochote chenye uhai. Tawi la tumbawe linalovunjika kwa teke moja la pezi lilichukua miaka kukua.

Kisha mwombe nahodha akupeleke kwenye mwamba uliopigwa baruti na wavuvi. Ndiyo, mwombe. Hakuna kituo kitakachoweka picha yake kwenye tangazo, nami naona ndiyo mbizi muhimu kuliko zote. Utakuta bonde la kifusi: vipande vya matumbawe vilivyokufa, rangi ya kijivu, vinavyobiringika kila wimbi likipita. Hapo ndipo balaa la baruti lilipo. Samaki waliokufa ni hasara ya siku moja, lakini kifusi kinachotembea hakimwachi mtoto wa tumbawe ashike, na mwamba unaweza kukaa miongo kadhaa bila kusimama tena. Pwani hii iliumizwa hivyo tangu miaka ya 1960, ingawa sheria inakataza. Miaka ya 1994 hadi 2007 vijiji vya Tanga, kwa msaada wa mradi wa hifadhi ya pwani, vilifunga baadhi ya miamba na kuilinda kwa doria. Baadaye milipuko ikarudi kwa kishindo, mpaka serikali ilipounda kikosi cha taasisi mbalimbali katikati ya miaka ya 2010, ndipo ikapungua sana. Angalia vizuri kwenye kifusi. Mahali pengine utaona kitu cha ukubwa wa ukucha, cha zambarau au kijani, kimeshika jiwe. Kisogelee ukiangalie kwa dakika nzima, kuna watu waliolala baharini usiku ili kiwepo.

Ukisikia mshindo ukiwa chini, mbizi imekwisha. Sauti husafiri mbali majini, na mlipuko wa karibu hupasua masikio na mapafu. Panda kwa mwendo wako wa kawaida, kumbuka saa, mwombe nahodha akadirie upande, na kapeleke taarifa kwa ofisi ya hifadhi au kwa kikundi cha ulinzi wa bahari cha kijiji. Usiseme si kwenu.

Kama unapenda historia, nenda ghuba ya Manza, kaskazini mwa jiji. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, ilikimbilia humo ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Ilipigwa, ikaketi kwenye maji machache, na Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Wajerumani wakashusha wazamiaji wakatoa bunduki na risasi, wakazianika, na shehena hiyo ikasaidia kurefusha Vita Kuu ya Kwanza upande huu. Kuzamia Tanga, kwa hiyo, kulianza zamani, na kwa kazi mbaya.

Najua utaambiwa uzamiaji wa maana uko Mexico, kwenye rasi ya Baja California. Ni kweli, na ni vizuri kujua ulivyopatikana. Wavuvi wa kijiji cha Cabo Pulmo waliona samaki wao wamekwisha, wakaomba hifadhi, ikatangazwa mwaka 1995, wakaacha kuvua ndani yake. Kati ya 1999 na 2009 watafiti walikuta uzito wa samaki umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 460. Walioacha nyavu leo wanaongoza wazamiaji. Tanga ina mwamba, ina sheria, ina wavuvi wanaojua kila jiwe. Tulichokosa ni miaka kumi ya kutoharibu mfululizo, na ajira kwa vijana wa Kigombe, Mwarongo na Ushongo itakayowafanya waone faida ya kungoja.

Jioni, sokoni, mkague samaki kabla hujanunua. Mbonyeze: nyama ya samaki wa baruti imelegea kabla ya wakati wake. Mpasue: damu imevilia ndani, uti wa mgongo umevunjika. Muuzaji akikasirika kwa kukaguliwa, hama meza. Lipa kiingilio cha hifadhi na udai risiti, kwa sababu doria inahitaji mafuta ya boti.

Na ukija mara ya pili, usije peke yako. Mlipie safari mtoto mmoja wa pwani hii, mvulana au msichana, ambaye amekula samaki wa Tanga maisha yake yote na hajawahi kuvaa miwani ya maji. Mwache atazame mwenyewe, mita mbili tu chini ya mashua, pono wakiwa kazini.