Vita vya Jiwe la Kaa

Zamani si zamani sana, chai ikiwa imeshapandwa hadi milangoni mwa watu, wanyama wa Sosiot waligawana mabonde ya Belgut bila wino wala mhuri. Nyani walikaa mashariki, kwenye mikaratusi. Tumbili walikaa magharibi, kwenye kichaka kilichosazwa na mashamba. Katikati kilipita kijito, kimojawapo cha vile vinavyoteremsha maji ya Kericho hadi Ziwa Victoria, na katikati ya kijito palikuwa na jiwe ambalo ngozi ya fahali mmoja ingelifunika lote. Hapo aliishi Fisimaji na wanawe, na hakuna aliyewahi kumwuliza yeye ni raia wa wapi.

Balaa lilianza maji yalipopungua. Mikaratusi, ambayo Nyani Mkuu aliipenda kwa sababu ilimwinua juu ya wenzake, ilikuwa imezinywa chemchemi za upande wake hadi tope. Tumbili nao walikuwa wamepindua kila jiwe la upande wao, wakala kaa wakubwa kwa wadogo, hata majike yenye mayai tumboni. Kaa waliosalimika wakakimbilia penye kina, chini ya jiwe la Fisimaji. Siku hiyohiyo wakuu wote wawili wakakumbuka kuwa jiwe lile ni urithi wa mababu.

Tumbili ndio waliotangulia. Walipeleka askari sita, wakachomeka bendera ya gunia la mbolea na kumwambia Fisimaji kwamba katika kila kaa wanne, mmoja ni wa serikali. Habari zikamfikia Kunguru, ambaye ana kiota pande zote mbili. Mashariki alitangaza, “Tumbili wamevamia!” Magharibi akatangaza, “Nyani wanachokoza!” Kote alilipwa.

Nyani Mkuu akaitisha mkutano. “Hata unyayo mmoja wa ardhi yetu hautoki!” alinguruma, na miti ikatikisika kwa makofi. Kijana mmoja akainua mkono. “Mzee, na zile chemchemi zilizokauka?”

“Huyu katumwa na nani?” aliuliza Nyani Mkuu, na kijana akashushwa mtini na walinzi.

Vijana wa pande zote wakaanza mazoezi. Tumbili waliiba vikapu vya kuchumia majani wakavivaa vichwani, hata wachumaji wakalazimika kutia majani mawili na chipukizi lake katika mashuka. Bweha, dalali wa siku nyingi, akawauzia Nyani mawe ya kurusha, kwa mkopo. Usiku akavuka akawauzia Tumbili mawe ya kujibu, kwa mkopo vilevile. Yote aliyaokota katika kijito kilekile.

Wazee walipoona mambo yanaelekea pabaya, wakaitisha baraza katika kituo cha majani chai, usiku, lori la kiwanda likiwa limeshaondoka. Mizani ilikuwa bado inaning'inia kwenye boriti. Chini yake alikaa bibi wa wote, Kogo Kobe, mwenye baraza, na kando yake Korongo, ambaye ameruka nchi nyingi.

“Kogo, naomba niseme,” alianza Korongo. “Mimi mawindo yangu ni ziwani. Kule kuna kisiwa kinaitwa Migingo, mwamba usiofika ekari moja, umejaa mabati kutoka ukingo hadi ukingo. Kenya na Uganda zimekigombania miaka. Mjue kwamba sehemu ya Kenya katika ziwa lile ni asilimia 6 tu. Uganda ina 43, na Tanzania 51. Sangara walipoadimika karibu na ufuo, wavuvi waliwafuata kwenye kina, huko Migingo. Mwaka 2004 polisi wa Uganda wakawafuata wavuvi, wakaanza kutoza. Kufikia 2009 bendera zilikuwa zinapandishwa na kuteremshwa, na Nairobi kuna waliotaka jeshi liende. Na mstari wenyewe uliandikwa tangu 1926, katika amri ya Waingereza! Mei 2009 Rais Museveni wa Uganda akasema kisiwa ni cha Kenya, ila maji yaliyokizunguka ni ya Uganda.”

Mkuu wa Tumbili akaruka kwa furaha. “Hayo ndiyo maneno ya kiongozi! Nami nasema hivyo hivyo. Jiwe chukueni. Maji ni yangu.”

“Na kaa je?” aliuliza Nyani Mkuu.

“Akiwa juu ya jiwe, ni wako. Akitia mguu majini, ni wangu.”

“Mguu upi? Kaa ana minane.”

Hapo baraza likaingia katika kazi nzito. Wengine walisema miguu mitano majini inatosha kumpa uraia. Wengine wakataka kwanza iamuliwe kama magando ni miguu au mikono. Jogoo wa kwanza akawika wakiwa bado wanahesabu.

Kogo Kobe akamgeukia Fisimaji, aliyekuwa amekaa mlangoni. “Wewe, mwanangu, unasemaje?”

“Kogo, mimi asubuhi nalipa kwa Tumbili. Jioni Nyani wanakuja kuniuliza kwa nini nimemlipa adui, basi nalipa faini. Nisipopata kaa, nachapwa na wote wawili. Ombi langu ni dogo: niambiwe kama mpaka unapita chumbani au jikoni, nijue wanangu walale nchi gani.”

Wakuu wakacheka sana, wakasema huyu ana vichekesho, wakaendelea.

Vijana nje walianza kupiga kelele za vita. Korongo akaruka hadi juu ya mizani. “Nyinyi vijana, mimi niliiona Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka kuingia Tanzania, na yeye akatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Wakalibomoa daraja la Kyaka, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe. Tanzania ikarudisha kipigo mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbia. Vita vilipokwisha mpaka ulikuwa palepale ulipokuwa. Walioondoka ni waliozikwa, na aliyeshinda alibaki akihangaika na gharama miaka na miaka. Nimepita Badme pia. Ethiopia na Eritrea zilipigana kuanzia 1998 hadi 2000, wakafa makumi ya maelfu. Mwaka 2002 tume ya mipaka ikasema Badme ni ya Eritrea, na Ethiopia ikakaa na hukumu ile mpaka 2018 ndipo ikatangaza kuikubali yote.”

Kelele zikapungua. Wazee wakaamua apelekwe mpima. Akachaguliwa Fuko, kwa kuwa hawezi kushutumiwa kwamba aliona upande wowote. Fuko alichimba wiki nzima, akanusa mizizi ya miti ya mpaka iliyokatwa zamani, akarudi na ripoti iliyoonyesha mstari wazi kabisa, bila utata. Wakuu wakampongeza mbele ya watu. Kisha ripoti wakaikunja, wakaiweka chini ya mguu wa meza ya karani iliyokuwa inayumba. Kwani walitaka mstari? Mwenye jiwe angejulikana, na mwenye jiwe akijulikana angeulizwa kaa wamekwenda wapi na chemchemi zimekauka kwa nini.

Badala yake wakaunda Kamati ya Pamoja. Amani ikatangazwa, Kunguru akalipwa tena. Nyani tisa na Tumbili tisa wakawekwa jiweni kulilinda kwa ushirikiano, bendera mbili kwenye mti mmoja. Posho ya wanakamati iliamuliwa kuwa kaa wawili kwa kikao. Chakula cha walinzi kilitoka hapo hapo, chini ya miguu yao. Deni la Bweha nalo lilikuwa linadaiwa kwa kaa.

Kabla masika hayajaisha, hapakuwa na kaa hata mmoja. Fisimaji alibeba wanawe akateremka na maji kuelekea bondeni. Walinzi wakaandika katika daftari kwamba amehama kwa hiari. Nyani Mkuu akapanda mikaratusi mingine mia, ukumbusho wa ushindi. Mkuu wa Tumbili naye akasherehekea ushindi huohuo, siku hiyohiyo. Na Kamati inakutana hadi leo, kwa sababu suala la magando halijakamilika.

Yule kijana aliyeshushwa mtini alimwendea Kogo Kobe. “Kogo, hili jiwe hatimaye ni la nani?”

“Hilo Fuko alishakwambia, limo chini ya meza,” alijibu Kobe. “Nyinyi mliuliza hilo tu, mkarushiana mawe ya Bweha. Siku nyingine mkisikia ngoma ya mpaka, ulizeni kwanza anayekwenda kuulinda atakula nini, na atakila kwa nani.”