Gari la Kuvutia Boti Krismasi Hii

Sogea kidogo, waitu, maana haya si ya kusemwa mbele ya mashemeji. Umenunua boti, au umekwishawatangazia watu kwamba unanunua, na sasa hakuna kurudi nyuma. Desemba iko mlangoni. Wana wa Kagera wanarudi kutoka Dar, Arusha, Kampala na ughaibuni, senene wanakaangwa kila nyumba, na barabara ya Muleba hadi Bukoba imejaa magari yanayokwenda polepole ili yaonekane. Wewe unataka kuonekana ukipita na boti nyuma. Ni haki yako, wala usiombe radhi. Kinachokukosesha usingizi ni gari: la kuvuta huna, na fedha zimeishia kwenye boti. Nisikilize, tutapita mlango wa uani.

1. Punguza boti kabla hujaongeza gari

Muuzaji atakutajia uzito wa bodi tupu, naye atanyamaza hapo. Hesabu mwenyewe. Bodi ya faiba ya mita tano huweza kufika kilo 500. Mashine ya farasi 40 ni kilo 80 hivi, pengine zaidi. Lita moja ya petroli ina karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo tangi la lita 60 ni kilo 45. Betri, nanga, kamba na jaketi okozi ni kilo 30 nyingine. Tela lenyewe kilo 250. Umeshagusa kilo 900, na shemeji bado hajapakia kreti la bia.

Sasa fanya ujanja. Fungua mashine uiweke ndani ya gari, ukiilaza kwa ubavu ule ulioelekezwa na mtengenezaji, la sivyo oili itaingia kwenye silinda. Tangi liache tupu. Petroli ipo Bukoba mjini. Nanga, kamba na betri zitie kwenye buti. Tela limeshuka hadi karibu kilo 750, na namba hiyo ikae kichwani mwako, kwa sababu kwa magari mengi ndiyo mwisho wa tela lisilo na breki zake. Hakuna atakayejua umefanya nini. Boti inaonekana kubwa vilevile.

Ila gari nalo lina kikomo chake, na kila ulichokitoa kwenye tela sasa kimelikalia. Kwa hiyo mashemeji wapande Noah ya abiria. Waambie wanatangulia kukupokea, watafurahi.

Boti ya mbao usiikadirie kwa macho. Mbao zilizokaa ziwani hunywa maji, na zikishakunywa hukosi kushangaa. Kama unapitia Muleba, mizani ya Kyamyorwa ipo barabarani. Waombe kwa adabu wakutajie uzito. Kama huna uso wa kuomba, fikiria mifuko 15 ya saruji juu ya tela: hizo ndizo kilo 750, na kila mwenye nyumba anajua mifuko 15 ya saruji inavyokuwa.

2. Usinunue V8 kwa ajili ya siku moja

Najua unachokitamani. Land Cruiser V8 huvuta tani tatu na nusu, mradi tela liwe na breki, na likiegeshwa mbele ya kanisa mazungumzo hukatika. Kama unalo, funga mwongozo huu ukale senene. Hilux ya dizeli na Prado nazo zinakutosha kwa boti ya familia na chenji inabaki.

Wengi wetu lakini tuna IST, Probox, RAV4 au Harrier iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Kitabu chake kimeandikwa Kijapani na hakuna aliyewahi kukifungua. Njia ya mkato ni hii: tafuta gari la jina, injini na mwaka uleule lililouzwa Australia au Uingereza, usome wenzetu wa huko wameandikiwa livute kilo ngapi. Angalia namba mbili, ya tela lenye breki na ya tela lisilo na breki. Wewe, kwa tela la fundi wa mtaani, chukua ile ndogo.

IST iache. Naipenda, inakwenda mbali kwa mafuta kidogo, lakini ni gari jepesi la kuvutwa na magurudumu ya mbele, na boti nyuma yake italiamulia mwelekeo. RAV4 inayovuta kwa magurudumu yote manne ndiyo ya kwanza unayoweza kuitazama bila aibu.

Ukiambiwa na fundi kwamba atakuchomelea ndoano popote kwenye bampa, mshukuru na uondoke. Bampa ni urembo. Ndoano hufungwa kwa bolti kwenye chesisi, na mpira wa chuma juu yake uwe na kipenyo kinacholingana na kinywa cha tela, ambacho mara nyingi ni milimita 50. Mpira mdogo kwenye kinywa kikubwa hukaa vizuri hadi tuta la kwanza. Kisha funga minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya kinywa, ili tela likichomoka liangukie minyororo badala ya lami.

3. Chagua gari la kusimama

Hapa ndipo wajanja wengi wanapojikwaa. Kila mtu anauliza gari lina nguvu ya kupanda. Kupanda si shida: likishindwa, linasimama, mnashuka, mnasukuma, mnacheka. Shida ni kushuka. Kutoka Rwamishenye kuingia mjini kuna mteremko wa Nyangoye. Kutoka Kamachumu kushuka Muhutwe kuna kona ambazo hazijali umevaa nini. Tela la kilo 750 lisilo na breki linasimamishwa na breki za gari lako peke yake, na zikichemka kanyagio linazama bila gari kupunguza mwendo.

Kwa hiyo, kabla ya rangi, kabla ya redio, kagua diski, pedi na mafuta ya breki. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Kwenye gari la otomatiki zima ile O/D, au teremsha gia kwa mkono, injini ikusaidie kushikilia. Na usishangae gari likihema hata tambarare: uso wa ziwa letu uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza huku karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ilizokuwa nazo Dar. Ukimwona jirani anakupita Kemondo, mwache apite. Anayevuta boti husamehewa polepole yake. Watu wanadhani ni maringo.

4. Uzito uegemee mbele

Chukua ile mizani ya bafuni ambayo nyumbani hakuna anayetaka kuipanda. Weka juu yake gogo la kimo cha ndoano, pumzisha pua ya tela hapo. Isome. Kwa tela la kilo 750, tafuta kilo 70 hivi, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Ikiwa ni chini ya hapo, sogeza boti mbele kidogo juu ya tela. Tela lenye mzigo nyuma huanza kutikisa mkia ukifika kilomita 70 kwa saa, na likianza kutikisa huchukua na gari. Likikutikisa, usikanyage breki kwa hofu wala usizungushe usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, ngoja litulie.

5. Mwaloni, waache watu wafanye kazi

Umefika. Watu wamejaa. Hapa ndipo gari la kuvuta kwa mbele hutoa siri zote: kwenye mteremko wenye mchanga na maji, boti inakaza kwa nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na kuzunguka bure. Kama una gia nzito ya fowili, itumie. Kama huna, egesha mbali na maji na usijaribu.

Kwanza subiri. Beringi za tela zimechemka njiani, na ukizitumbukiza zikiwa za moto hewa iliyo ndani hupoa ghafla na kunyonya maji, grisi inaharibika, na siku nyingine gurudumu linakufia njiani. Dakika 20 zinatosha. Ni muda mzuri wa kusalimiana na kupigwa picha. Tuna bahati moja: maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo tela la Bukoba haliozi kama la Msasani. Lakini magugu maji yaliyonasa kwenye ekseli yaondoe kabla hujaenda mwalo mwingine. Yametusumbua vya kutosha.

Kisha weka jiwe kubwa nyuma ya kila gurudumu la gari, na uwaite vijana wa Nyamukazi. Ukweli ambao wauza magari hawatakuambia ni kwamba kwenye ziwa hili boti imekuwa ikivutwa na watu tangu zamani, na watu hao hawajawahi kukwama mchangani. Stanley, yule msafiri Mzungu, alipoleta boti yake Lady Alice mwaka 1875, boti ile ilikuwa imesafiri vipande vipande ikibebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Aprili mwaka huohuo akafika Bumbiire, kisiwa chetu hapo Muleba, na wenyeji wakaikamata boti wakaiburuta hadi nchi kavu yeye akiwa ndani. Bila injini, bila ndoano. Agosti akarudi na bunduki na kuua watu wengi, na hilo lisimuliwe kila Bumbiire inapotajwa.

Hata wenye mashine walirudi kwenye nguvu ya viumbe. Mwaka 1915 Waingereza walipovusha boti zao mbili, Mimi na Toutou, kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika, walikuwa na matrekta ya mvuke. Yaliposhindwa, wakafunga ng'ombe.

Vijana wanane na kamba nzuri, basi. Patana bei kabla, si boti ikiwa nusu majini, kwa sababu hapo bei hupanda na wana haki.

Jambo moja halina ujanja, nami sitakupa njia ya mkato. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu wa kwetu, waliopanda hapa Bukoba na pale Kemondo, na mamia hawakurudi. Hakuna ukoo hapa usiomjua mmoja wao. Kila anayepanda boti yako avae jaketi okozi, na likifungwa lifungwe kweli. Idadi ikizidi, yule wa mwisho ashuke, hata awe baba mkwe.

6. Ujanja mkubwa kuliko wote

Sasa lile nililokuitia. Usimiliki gari la kuvuta.

Piga hesabu ni mara ngapi kwa mwaka boti itatembea barabarani. Mara moja kuja, mara moja kwenda kwa fundi. Kwa safari mbili, kodi Fuso. Boti inapanda juu, inafungwa kwa kamba na matairi ya zamani pembeni, na breki ni za lori lililojengwa kubeba tani. Boti ikinunuliwa Dar, kilomita zaidi ya 1,300 za barabara ni za lori, si za Harrier yako. Ikinunuliwa Mwanza, mlete nahodha anayelijua ziwa, ije kwa maji asubuhi ya upepo mdogo, na tela lenyewe lije tupu. Ikishafika, iache mwaloni, umlipe mlinzi.

Picha utaipata vilevile. Fuso linapofika Kemondo, simama mbele ya boti na si mbele ya lori, mpigaji apige kutoka chini. Au kwa zile mita 200 za mwisho, mwombe binamu mwenye Hilux akuazime pamoja na dereva, tela lifungwe, upite taratibu mbele ya watu ukiwa umekaa kushoto na mkono dirishani. Mita 200 za tambarare hazimuumizi mtu. Ukiulizwa gari ni la nani, sema ni letu. Ukoo ni mpana na hujadanganya. Binamu mjazie tangi. Dereva wa Fuso mlipe kabla hajawasha injini kurudi, na utingo mpe chake mkononi, maana ndiye aliyefunga kamba.