Kijerumani kwa Mkazi wa Dzaleka

Masomo ya Kijerumani na utamaduni wa Wajerumani, kwa mwanafunzi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, huanzia redioni. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle imekuwa hewani tangu 1963, na kambini Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Msikilizaji wa miaka mingi hujijengea taswira ya nchi ambayo wenyeji wake huongea Kiswahili sanifu, huamka na habari za Bujumbura na Bukavu, na humjali kila msikilizaji popote alipo. Taswira hiyo hudumu hadi uwanja wa ndege wa Frankfurt.

Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita 45 hivi kaskazini mwa Lilongwe, Malawi. Palikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, ikakadiriwa kubeba watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wamepita 50,000. Katika msongamano huo neno “Ujerumani” husikika sana msimu wa maombi ya ufadhili, kwa sababu ya mpango wa DAFI wa kuwasomesha wakimbizi, unaogharimiwa zaidi na serikali ya Ujerumani tangu 1992 na kubeba jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Hapo ndipo hutokea ajali ya kwanza. Mwombaji hukesha akikariri salamu za Kijerumani, kisha hugundua kwamba ufadhili huo humsomesha mtu katika nchi aliyokimbilia: fedha za Kijerumani, mihadhara ya Kiingereza, na chakula cha mchana nsima, yaani ugali. Anayeitaka Ujerumani yenyewe hana budi kupiga hodi chuoni kwa mlango wa kawaida, kama mtoto wa waziri, ila bila waziri.

Lugha yenyewe huja na nomino za jinsia tatu. Kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, kisu si wa huku wala wa kule. Wanafunzi wengi duniani hulalamika hapo, lakini mzungumzaji wa Kiswahili hana uso wa kulalamika: tangu utotoni ametenga uma na kijiko katika ngeli mbalimbali bila kuuliza sababu. (Kiswahili cha Dzaleka, ni kweli, kilishapunguza ngeli kadhaa bila kuomba ruhusa Zanzibar.) Irabu zenye nukta mbili humjia kirahisi aliyesoma Kifaransa Uvira au Gitega. Kinachomtesa ni konsonanti tano zinazokumbatiana bila irabu ya kuzitenganisha. Yeye huchomeka irabu zake kwa huruma, na mwalimu husikia neno refu kuliko alilolifundisha. Anayefanya mazoezi ya koo jioni, nyumba zikiwa zimebanana ukuta kwa ukuta, hupelekewa maji ya kunywa na jirani.

Namba nazo husomwa kinyumenyume, mamoja kabla ya makumi, kiasi kwamba namba ya simu iliyoandikwa kwa imla humfikia mtu mwingine kabisa. Ajuaye Lilongwe hapati mshtuko mkubwa, kwa kuwa mitaa ya jiji hilo huitwa Area 3, Area 18, Area 47 bila kufuata mpangilio wowote wa kijiografia. Saa ni balaa kubwa zaidi. Mjerumani akisema “nusu ya nane” anakusudia saa 7:30, ambayo kwa Mswahili ni saa moja na nusu. Mwanafunzi hubeba saa tatu kichwani na hukosea zote. Juu ya hayo, Ujerumani hurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, Malawi haibadilishi kitu. Anayesoma mtandaoni huingia darasani saa nzima kabla ya wenzake, akitazama skrini tupu huku bando likiyeyuka. Na mwalimu anapotokea, umeme umekatika.

Sehemu ya makaratasi hufanyika Lilongwe, na safari ya kwenda huko yenyewe huhitaji kibali, maana sera ya Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini. Huenda kikadaiwa cheti cha kuzaliwa, ambacho aghlabu kilibaki katika nyumba iliyoungua. Hudaiwa pia jina la ukoo, na familia ambayo baba na wanawe watano wana majina sita tofauti huanza kutiliwa shaka. Kisha kuna akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 mwanafunzi anayeomba viza hutakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka, ambazo benki humrudishia 992 kila mwezi. Kwa lugha nyepesi, ni lazima athibitishe kuwa na fedha ambazo haruhusiwi kuzigusa ila kwa mgao wa mwezi. Mtu anayeishi kwa mgao hulisikiliza sharti hilo kwa utulivu wa ajabu, kama anayesomewa hadithi za majini. Wanaolivuka huvuka kwa ufadhili au kwa mdhamini.

Chuoni Ujerumani, aliyefundishwa kwamba Wajerumani hufika kwa wakati huwahi robo saa. Muhadhara wa saa nne, kwa mila ya vyuo vya huko, huanza saa nne na robo, hivyo hukaa nusu saa akilinda viti. Akishaizoea robo hiyo, huchelewa siku ya mtihani, usiokuwa na robo. Muhadhara ukiisha, wanafunzi hugonga meza kwa ngumi badala ya kupiga makofi, na mgeni hutafuta mlango wa karibu. Kumwita mhadhiri “Papa Profesa”, heshima ya kutosha Dzaleka, huzaa ukimya. Na kwa kuwa wengi kambini waliandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, wenzao Wajerumani huiweka siku hiyo kwenye kalenda. Anayewashukuru mapema kwa pongezi, tarehe 31 Desemba, huambiwa ameleta nuksi, kwani huko hakuna anayepongezwa kabla ya siku yenyewe.

Maisha ya nyumbani hayana mengi: maduka hufungwa Jumapili, chakula cha usiku ni mkate baridi, takataka zina mapipa manne na jirani mmoja wa kuyakagua. Chupa tupu ya plastiki hurudishwa dukani kwa senti 25, jambo ambalo Mdzaleka hulielewa kabla halijaelezwa.

Lakini mahali ambapo Wamarekani hulia, yeye hung'ara. Ofisi ya wageni hutoa namba ya foleni, hudai nakala ya nakala, hufungwa mchana na humwambia mtu arudi Alhamisi na muhuri mwingine. Mkazi wa Dzaleka amekulia katika kadi, alama za vidole, orodha zinazobandikwa ukutani na kuhakikiwa upya. Huja na bahasha iliyopangwa kwa tarehe, picha za ziada, kalamu mbili na kitu cha kula. Hujiandikisha makazi ndani ya siku 14 bila kukumbushwa. Wenzake humwomba awasindikize, naye hukubali, ingawa Kijerumani chao ni kizuri kuliko chake; dirishani sarufi haiulizwi. Kibali cha kusomea hutolewa kwa mwaka mmoja au miwili, kisha bahasha hufunguliwa tena kuanzia ukurasa wa kwanza.