Jinsi ya Kumkimbia Nyani Mbele ya Mama Mkwe

Sheria zetu za wanyamapori zina huruma kuliko unavyodhani. Kwa kanuni za mwaka 2011, tembo akimaliza shamba lako la mahindi kuna kifuta jasho. Mnyama mkali akikujeruhi au kukuua, kuna kifuta machozi, chako au cha uliowaacha. Kitu kimoja hakimo: kifuta aibu. Mtu aliyetimuliwa na nyani mbele ya mke, watoto, mashemeji na mama mkwe hujifuta mwenyewe, kwa leso yake.

Leso hiyo ndiyo nimekuandalia hapa. Ujuzi ninao. Nimeshuka korongo la Mto Chimala na familia mara moja, na ile mara moja imenitosha kuwa mtaalamu.

Kwanza, chagua korongo na umlipe anayelijua.

Ukitoka Makambako kwenda Mbeya, ukishaipita Igawa, utauona upande wa kushoto ukuta wa milima umesimama ghafla juu ya tambarare za Usangu. Chimala imejibanza chini ya ukuta huo, mpunga mbele, mwamba mgongoni. Barabara ya kupanda Matamba inaukwea kwa kona 57, na wenyeji hawakujisumbua kuitafutia jina jingine: ni Hamsini na Saba. Maji ya korongoni yanashuka kutoka huko juu, upande wa Kitulo, kwenye uwanda ulio zaidi ya meta 2,500 kutoka usawa wa bahari. Yana baridi ya kukatisha stori.

Ufaransa na Hispania, mchezo huu wa kushuka makorongo una kampuni, vyeti na nguo za mpira. Kwetu una kijana mmoja mwenye ndala, anayelifahamu kila jiwe na anayeruka mahali ambapo wewe unakaa kwanza, unashusha mguu mmoja, kisha unaomba mkono. Mlipe kijana huyo mara mbili. Malipo ya kwanza ni ya njia. Ya pili ni ya kunyamaza.

Usipande cheo ukaenda kwenye maporomoko ya Kimani, ndani ya Pori la Akiba Mpanga/Kipengere. Ni mazuri mno, lakini pori lile liko chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na huko ni kibali, ada na askari. Askari ni shahidi asiyenunulika kwa soda.

Na usiende wakati wa mvua kwa sababu tu likizo imeangukia Desemba. Mvua ikinyesha kule juu, ninyi chini mtakuwa bado mnaota jua, na maji yakija korongoni hayapigi hodi. Hapo sina ujanja wa kukuuzia. Nenda Septemba.

Pili, panga msafara.

Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na wewe wahitaji kenge mmoja wa makusudi. Tafuta shemeji kutoka Dar es Salaam mwenye raba nyeupe, anayeogopa mende. Ukisimama karibu naye utaonekana Mkwawa. Mpe nafasi ya mbele yako, umsikie akipiga kelele kwanza, ili wewe useme kwa sauti nzito, "Tulia, shemeji."

Watu wawili wasikanyage korongo. Mmoja ni mtoto wa kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Mdogo zaidi ya hapo ataamini utakachomwambia. Mkubwa zaidi atakuwa na siri zake na mtaheshimiana. Wa umri huo ana simu ya mama yake, ana chaji, na hajawahi kusema uongo. Wa pili ni mama mkwe, hasa akiwa Msangu aliyekulia chini ya milima hiyo hiyo akifukuza nyani shambani tangu hajaanza kusoma. Mbele yake huna mnyama wa kumtishia.

Mimi nilikwenda nao wote wawili.

Tatu, vaa kama unajua.

Kofia ya bodaboda inatosha. Kamba ile uliyofungia godoro ulipohama inatosha pia, ila usijaribu kuitumia. Ivae begani, imezungushwa vizuri. Kamba begani humwongezea mtu miaka kumi ya uzoefu. Chakula abebe mwingine. Usieleze kwa nini. Sema mgongo unakusumbua.

Nne, anza na wanyama wanaokubali kushindwa.

Mjusi wa mawe, yule dume mwenye kichwa cha rangi, anafaa sana kwa ufunguzi. Atakuwa juu ya jiwe anapiga pushapu. Msogelee polepole, umnyooshee kidole, akimbie. Tayari mnyama mmoja amekukimbia na msafara umeona.

Kisha mtafute pimbi. Ana ukubwa wa sungura, hana mkia wa kutaja, na hukaa kwenye miamba akiota jua kama mstaafu. Mmoja wao hulinda zamu. Akiwaona atapiga kelele na wote wataingia mianyani. Waambie watoto ukweli ambao wataalamu wa viumbe watakuunga mkono: katika ukoo wa wanyama, jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Mkirudi nyumbani punguza maneno. "Tumekutana na jamaa wa tembo" ni sentensi ya siku ya kwanza. Kufikia Jumapili neno "jamaa" litakuwa limedondoka lenyewe.

Chui hutamwona. Yeye akikuona, atakuwa na shughuli nyingine. Ila unyayo wake unaweza kuupata bila shida, kwa sababu mbwa wa Chimala hushuka mtoni kunywa maji kama mbwa wengine. Unyayo wa mbwa huonyesha kucha. Chui hutembea amezikunja. Tangulia msafara hatua thelathini, tafuta unyayo mzuri kwenye matope, uzifute zile alama za kucha kwa kidole kidogo, kisha inua mkono juu na useme, "Msimame hapo hapo." Usiseme ni chui. Mwache shemeji wa raba nyeupe aseme.

Tano, jifunze kutaja majina.

Nyuma ya milima hii, kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, kuna kima wa rangi ya kahawia mwenye nywele zilizosimama utosini kama ametoka usingizini. Wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu kwa jina la kipunji. Watafiti waliposimuliwa habari zake hawakujua wamweke fungu gani, maana masimulizi ya huko yana wanyama wa kweli na wa hadithi vilevile. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 wakamtangaza duniani, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Kwa hiyo mnyama aliyekuwa anaitwa kwa jina lake kijijini alihesabiwa amegunduliwa siku alipoandikwa.

Fundisho kwa mtu kama wewe liko wazi. Mnyama ni wa anayemtaja kwanza kwa kujiamini. Tawi likitikisika na usione kitu zaidi ya mkia, sema taratibu, "Kipunji." Msafara utanyamaza. Tahadhari ni moja: kipunji ni wa misitu minene na yenye ubaridi, si wa mawe makavu ya Chimala, na mtu wa Tukuyu akiwemo kwenye msafara atakucheka mpaka apaliwe. Uliza makabila kabla ya kuondoka.

Sita, nyani mwenyewe.

Hapa ndipo paliponifanya nifunge safari ya kuandika. Nyani watakuwepo, kwa sababu mmebeba chapati.

Utaambiwa usikimbie, usimkazie macho, urudi nyuma taratibu ukiwa umemwelekea, na ufiche chakula. Yote ni sahihi. Utaambiwa pia kwamba dume likikupigia miayo halina usingizi, linakuonyesha chonge zake uzihesabu. Sahihi pia. Na usimtupie mkate ili akuache. Ukimpa leo umemwajiri, na mshahara wake utadaiwa kwa familia itakayopita kesho.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Utakimbia. Umesoma, umekubali, umetikisa kichwa, na miguu yako haikuwepo darasani. Kilichobaki ni kukimbia kwa heshima, nayo ina kanuni zake.

Kimbia kama uliyetumwa. Mkimbiaji mwoga hutazama nyuma; mkimbiaji mwenye shughuli hutazama mbele, amekunja uso. Usipige kelele ya sauti moja. Kelele ikikutoka, igeuze katikati iwe amri: "Aaa-ngalieni watoto!" Na lililo bora kuliko yote, ita mtoto kwa jina huku ukikimbia kuelekea asikokuwa nyani. Kila shahidi ataapa kwamba ulikwenda kuokoa. Hakikisha tu kwamba mtoto huyo yuko upande huo. Na kwamba yupo. Nitalirudia hili.

Usipande juu ya jiwe. Kupanda ni rahisi ukiwa na nyani nyuma yako. Kushuka kunahitaji ile kamba.

Saba, kifutu.

Hapa punguza mzaha. Kuna wanaomwita bafe, kuna wanaomwita moma. Yeye haitikii hata moja. Nyoka wengine hukimbia wakisikia kishindo. Huyu ni mnene, mvivu, rangi yake ni ya majani makavu, na hutulia palepale akisubiri ukanyage. Kwa hiyo njia ya kishujaa ya kumkabili kifutu ni kutazama unapoweka mguu, na unaposhika kwa mkono kwenye miamba, jambo lisilopendeza kwenye picha hata kidogo.

Akigonga mtu, mjomba mmoja atajitolea kukata jeraha kwa wembe na kunyonya sumu. Mwingine atakumbuka jiwe la nyoka alilolinunua mnadani. Wapeni wote wawili kazi ya mbali, kama kuchota maji. Mgonjwa atulizwe, mguu usitikiswe, usifungwe kwa kukazwa, na abebwe haraka hospitalini. Ya misheni iko hapo hapo Chimala, chini ya mlima. Asiulizwe njiani kama alipiga picha.

Nane, waombe nyuki.

Kuna ndege mdogo anaitwa mlembe, anayewaongoza watu kwenye mizinga. Atarukaruka mbele yenu akipiga kelele, mkimfuata anasogea, mkisimama anasubiri. Wazee wanasema ukirina asali bila kumwachia sega lake, safari ijayo atakuongoza kwa simba. Ninyi msimfuate kabisa. Na anayejipulizia manukato ili apendeze kwenye picha abaki kwenye gari, maana nyuki hawapendi.

Wakishatoka, hakuna ustaarabu. Funika uso, kimbia, endelea kukimbia. Usizame kwenye dimbwi, kwani watakusubiri juu na pumzi ni yako wewe. Lakini tazama rehema iliyomo: nyuki ndiye mnyama pekee asiyeacha shahidi. Shemeji anakimbia, mjomba anakimbia, kijana wa ndala ameshafika Matamba. Kama asubuhi ulivunjika heshima kwa nyani, mchana wa nyuki unakurudisha sawa na wengine.

Sisi hatukuwapata nyuki.

Tisa, simulia kabla hujasimuliwa.

Msimulizi wa kwanza ndiye mwenye tukio. Mkishafika stendi ya Chimala, kabla watu hawajaagiza chipsi mayai, anza wewe. Nyani mmoja ni kundi. Mita mia ni mita tatu. Usijisifu, msifu mwingine kidogo, kisha ataona aibu akusifu wewe zaidi.

Nilianza vizuri. Nilikuwa nimefika pale ambapo dume lile linapiga miayo, nikiwa nimenyoosha mikono kuonyesha upana, mpwa wa mke wangu, miaka kumi na mmoja, alipoiegemeza simu kwenye chupa ya pilipili. Video ina sekunde kumi na nne. Nyani anashuka, mmoja, wala si mkubwa. Mimi natoka upande wa kulia wa picha nikiwa na kofia ya bodaboda. Mama mkwe anabaki peke yake, anaikaza khanga kiunoni, anaokota fimbo, anasema maneno mawili ya Kisangu ambayo mke wangu amekataa kunitafsiria. Nyani anauachia mfuko. Mama anaufungua, anahesabu chapati. Kwa mbali, juu ya jiwe, sauti yangu inasikika ikiita kwa uchungu: "Juma! Juma, mwanangu, njoo kwa baba!"

Mezani palikuwa kimya. Nina mabinti wawili, Neema na Tumaini. Kwa mke wangu hakuna Juma, kwetu hakuna Juma, na kwenye msafara ule hakukuwa na mtoto wa kiume hata mmoja.

Mama mkwe aliendelea kula. Mke wangu aliirudisha video mwanzo, akaisikiliza tena sikio likiwa karibu na simu, kisha akanitazama.

"Baba Neema," akasema, "Juma ni mtoto wa nani?"