Konzi Moja kwa Siku

Mtaalamu wa lishe aliyekuja kazini kwetu kutupima uzito alikuwa binti mwenye vidole kama vya mtoto wa chekechea. Alikunja kiganja chake, akasema: "Korosho, karanga, lozi, kuleni bila woga. Konzi moja kwa siku, wala hazinenepeshi kama mnavyodhani." Nilisikia kila kitu. Sikuuliza tu konzi ya nani.

Mimi enzi zangu nilikuwa golikipa.

Jioni ile ile nikampigia shemeji yangu wa Mtwara. Siku mbili baadaye nilikuwa Mbagala, napokea kwa kondakta wa basi ndoo ya korosho, kilo tano. Konzi ya kwanza asubuhi na chai. Ya pili saa nne, pamoja na chapati zangu mbili, maana hakuna aliyesema chapati ziachwe. Ya tatu usiku, wakati wa taarifa ya habari. "Baba watoto," mke wangu akauliza, "hiyo dawa ni mara tatu kwa siku?" Nikamjibu kwamba hiyo ni sayansi.

Na kweli ni sayansi. Mafuta ya njugu hizi yamefungiwa ndani ya kuta za seli zake. Meno yasipozisaga sawasawa, sehemu ya mafuta hupita tumboni bila kuguswa na kwenda zake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima lozi: gramu 28 zilizohesabiwa kuwa na kalori kama 170 ziliupa mwili 129 tu. Nilipoyasoma hayo nikajiona mjanja: kumbe kosa langu ni kutafuna! Kesho yake kikaoni nikawa nameza korosho nusunusu kama vidonge. Ya nne ikakosea njia. Mhasibu alinitwanga mgongoni mpaka ikaruka, ikatua juu ya bajeti ya robo mwaka, kwenye kifungu cha viburudisho.

Mwisho wa mwezi kukawa na harusi, na suruali ikagoma. Fundi, futi shingoni na chaki nyuma ya sikio, aliipindua kiunoni, akauvuta mshono wa nyuma na kunionyesha. "Mzee, hapa nilishaachia mara mbili. Kitambaa cha akiba kimebaki hiki tu." Kilikuwa na upana wa njiti ya kiberiti.

Nyumbani mke wangu akatoa mizani yake ya kupimia unga wa keki. Nikachota konzi yangu: korosho 46, gramu 71. Ya yule binti ingekuwa korosho kama 18, gramu 28. Konzi zangu tatu zilikuwa kalori zaidi ya 1,100 kwa siku. Binti wa watu hakukosea. Korosho zinashika nafasi ya chapati, mimi nilizifanya wasindikizaji. Mke wangu alipomaliza kujumlisha akanipa konzi ya nne, hiyo ya kichwani.

Siku hizi nahesabu 18, saa nne, na chapati nimeziaga. Ndoo imefungiwa kabatini, na ufunguo hauko kwangu. Suruali bado iko kwa fundi. Ameniambia nipite Jumamosi, na mafundi mnawajua.