Mashine ya Kukaushia Nguo na Hesabu Zake

Novemba inapoingia, kaya nyingi za Waswahili walioko Uingereza hugawanyika juu ya swali la iwapo mashine ya kukaushia nguo yenye pampu ya joto inastahili bei yake, kwani nguo zilizoanikwa nje asubuhi huanuliwa jioni zikiwa zimelowa kuliko zilivyoanikwa, na zile zinazotandazwa sebuleni juu ya rejeta, ambayo huko si ya gari bali ni chuma bapa kipitishacho maji moto ya kupasha nyumba joto, hutoa hewani lita mbili au tatu za maji, ambayo huhamia ukutani na kuotesha kuvu nyuma ya kabati. Mgeni akibisha hodi ghafla, huanza kazi nyingine ya kuficha nguo za ndani chini ya mito ya makochi.

Pampu ya joto hufanya kazi kama friji: gesi hushindiliwa na kompresa ikapata moto na kupasha hewa inayopita kwenye nguo, kisha gesi hiyohiyo, ikishapoa, huugeuza mvuke kuwa maji yanayochirizika tangini, na hewa ikazungushwa upya pamoja na joto lake. Ndiyo maana mzigo wa kilo 8, ambao kwenye mashine ya kawaida hula takriban uniti 4.5, yaani kilowati-saa moja kwa kila uniti, hapa huridhika na 2, ingawa hukawia zaidi. Uswisi, ambayo tangu 2012 haikubali mashine mpya zisizofikia kiwango hicho, imewapunguzia wanandoa wake mjadala.

Tuseme uniti ni peni 25 na bei imezidi ile ya mashine ya kawaida kwa pauni 200: ziada hiyo hurudi baada ya mizigo 320, yaani miaka miwili kwa familia inayokausha mara tatu kwa wiki, ilhali kapera anayefua kila baada ya wiki mbili atangoja miaka 12, na huenda akaoa na kuzaa kabla haijarudi.

Hesabu hizo hazikuitia maanani foronya ya duveti, ambayo humeza mashati, soksi na taulo na kuviringika navyo kama tonge, hata kihisio, kinachopima unyevu kwa namna umeme unavyopita kwenye kitambaa kinachogusa vyuma viwili, kikagusa foronya tu, ambayo imekauka, na mashine ikatangaza kwa mbwembwe kuwa imemaliza kazi, huku katikati ya bonge hilo soksi zikichuruzika maji.

Lililo gumu zaidi kutibu ni mantiki ya mwenye mashine, ambaye, akiisha kuambiwa kwamba kila mzigo humwokolea peni 60 na ushei, hukata shauri kwamba kadiri anavyokausha ndivyo anavyochuma, akatia humo hata khanga ambayo ingekauka mgongoni mwa kiti kabla ya chai, na usiku akaiwasha tena kwa ajili ya jozi moja ya soksi.