Rangi ya Andazi

Kabureta ya kwanza ya Datsun yetu haikuwa na kosa lolote. Naanza na ungamo hilo kwa sababu mke wangu amelisubiri miaka mitatu, na ameahidi kwamba siku akilisoma kwa maandishi atanirudishia ufunguo wa stoo.

Nasema Datsun "yetu", lakini gari ni la baba mkwe. Ni 160J, injini ya cc 1,595, na alinikabidhi mlangoni kwake Tanga kwa sharti moja: nikae nalo Arusha, ila kila Idi nilirudishe alione. Mzee ana sababu zake. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun Violet, na 160J ni Violet hiyo hiyo iliyopewa jina la kuuzia nje. Kwa mzee huo ni undugu wa damu. Kwa anayeliona letu likipanda kilima na magunia mawili ya mchele, ni undugu wa kuchangia jina la ukoo tu.

Nami nikataka kuuleta karibu huo undugu. Nikanunua Weber 40 DCOE mbili za mitumba. Zile zinalala ubavu, kila moja ina makoo mawili, na kila koo linalisha silinda yake. Kwa Hitachi ya zamani silinda nne zilikula kwenye sinia moja; sasa kila moja itakuwa na sahani yake. Nilimweleza mke wangu hivyo hivyo. Akauliza, "Na chakula kitaongezeka, au sahani tu?" Niliona swali la mtu asiyejua magari.

Ndani ya kila koo la Weber hukaa bangili ya aluminiamu inayolibana, na unachagua mwenyewe ukubwa wake. Muuzaji alikuwa nazo kwenye kopo la maziwa ya unga: 28, 30, 32, 36. Nani ameshaingia dukani, akaambiwa bei ni moja, akachagua ndogo? Nikabeba 36 nne. Muuzaji akaniongezea na pampu ya petroli ya umeme, iliyotoka kwenye gari la kisasa lisilojua kabureta ni nini. Akaniambia ina nguvu sana. Hilo hakunidanganya.

Weber haitaki kusukumwa. Psi tatu hivi zinaitosha. Pampu ile imezaliwa kusukuma zaidi ya mara kumi ya hapo. Nilipogeuza ufunguo tu, petroli ilipita kwenye vali za boya kana kwamba hazipo, ikamiminika chini, na kwenye injini hii eksozi iko upande ule ule, chini ya kabureta kabisa. Bahati eksozi ilikuwa ya baridi. Jirani yangu anayejenga alisikia nikipiga kelele, akaja mbio na ndoo ya mchanga akaumwaga wote ndani ya boneti. Siku ya pili alikuja kuudai mchanga wake. Si fedha, mchanga.

Nikarudisha pampu ya zamani na kumfuata mzee mmoja fundi, mtu wa kabureta tangu ujana wake. Aliendesha gari mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Lilikuwa linasita, linakohoa, linainama kama linatafuta kitu kilichoanguka, halafu mzunguko ukifika elfu nne linaamka na kuruka. Sasa kwenye foleni ya Sanawari, elfu nne utaifikishia wapi? Tulipitwa na bodaboda. Tulipitwa na mkokoteni wa ndizi, na msukuma mkokoteni akatupa pole.

"Umemnunulia mbuzi koo la ng'ombe," fundi akasema. Koo likiwa pana mno, hewa inapita kivivu, na hewa mvivu haifyonzi petroli kutoka kwenye jeti. Akachukua kipande cha boksi akaandika: 30 × 4 = 120. Milimita za koo, zidisha kwa nne, hiyo ndiyo jeti kuu ya kuanzia. Jeti ya hewa ongeza hamsini, iwe 170. Kisha akapiga mstari chini ya neno "kuanzia", mara mbili, akanitazama. Niliurudisha mkono kwenye kopo la maziwa kwa aibu na kununua 30 nne, safari hii kwa bei tofauti.

Baada ya hapo ni kuzisawazisha, ili zote mbili zivute sawa gari likiwa kwenye silensa. Wengine wana vipimo vya kisasa. Fundi ana kipande cha mpira wa maji. Ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. "Sikiliza. Hii inasema sss. Ile inasema shhh. Sogeza skrubu mpaka zote ziseme sss." Nikasikiliza. Zote zilisema kitu kimoja, nacho kilikuwa sauti ya petroli niliyoilipia. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Nyumbani nilirudia zoezi hilo kila alfajiri kwa wiki mbili, mpaka jirani wa mchanga akaacha kutega saa ya kuamkia.

Kilichobaki ni kusoma plagi. Unaendesha kwa kasi, unazima, unafungua plagi na kutazama ncha yake. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, imepungua, na injini inaungua kimyakimya. Inayotakiwa ni ya hudhurungi, lakini hudhurungi gani? Fundi anasema chai ya maziwa. Mimi nilikuwa naona zote ni plagi. Siku moja nikaziacha nne mezani jikoni, mke wangu anakaanga maandazi. Akazitazama pembeni ya jicho, mkono ungali kwenye mwiko.

"Hili limeungua. Haya mawili yameiva. Hili bado bichi."

Nilimpelekea fundi plagi hizo na jibu hilo, bila kumwambia limetoka wapi. Akachukua lenzi, akazigeuza moja moja, akasema nimekomaa.

Idi ndogo tukateremka Tanga, gari likivuta kama linajua linakwenda kwao. Kuanzia Same likaanza kubadilika, na baada ya Mombo likawa linapiga chafya. Sina neno jingine: kila nikikanyaga mafuta, kabureta zinatema hewa nyuma, pwaa! Nilichosahau ni kwamba Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Jeti ni tundu tu, haijui imesafiri. Vipimo vilivyoiva Arusha, ukifika pwani hewa imekuwa nzito na petroli haitoshi tena.

Tukaingia mtaani baada ya swala, wazee wote wapo barazani na kanzu nyeupe. Nikapunguza mwendo ili walione gari. Nikakanyaga kidogo, kwa heshima. Pwaa!

"Yarhamukallah," akajibu mzee mmoja, bila kuinua macho kwenye kahawa yake.

Baba mkwe hakucheka. Nilipomaliza kumwamkia alifungua boneti, akakaa kimya kwa muda ambao sipendi kuukumbuka, akauliza kwa upole, "Ile kabureta yangu iko wapi, mwanangu?" Mke wangu akajibu kabla yangu kwamba iko salama stoo, ameifunga kwa khanga, na ufunguo anao yeye.

Fundi aliponisikia alicheka mpaka akakaa chini. Dawa yake ilikuwa jeti nne namba 125 kwa ajili ya pwani. Kwenye Weber si kazi kubwa: unalegeza skrubu ya mabawa, unainua kifuniko cha duara, na jeti ziko hapo, zinatoka kwa bisibisi. Kwa hiyo nina vikopo viwili vya filamu ya kamera, kimoja kimeandikwa ARUSHA, kingine TANGA, na kituo cha kubadilishia ni Mombo.

Idi kubwa tukasimama Mombo, kivulini. Nikatandika khanga chini, nikatoa jeti za Arusha, nikatia mbili za Tanga. Ya tatu iliteleza. Jeti ni kitu cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi, na kinang'aa. Ilidunda kwenye khanga, ikabingirika hadi mchangani, na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa akitutazama tangu mwanzo akaidonoa, akameza, akaendelea na safari zake.

Nilimnunua. Mwenye kuku aliona ninavyomhitaji na akapanga bei ipasavyo. Silinda ya tatu nikairudishia 120 yake ya Arusha, ikapiga chafya peke yake mpaka Tanga, kuku kwenye buti naye akijibu.

Kwa wakwe, firigisi ni ya baba, wala haijadiliwi. Mama mkwe aliipasua jikoni, akaita jina la Mungu, akaja nayo barazani kwenye kisosi. Jeti ilikuwa imesuguliwa na changarawe mpaka inang'aa kuliko nilivyoinunua. Baba mkwe akavaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti: "125." Halafu akanyoosha mkono kwa mke wangu, kuomba ufunguo wa stoo.